Kiapo cha Jirani Yangu

Mkutano wa kwanza wa mafuta ulifanyika katika darasa nililofundisha kwa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilipoingia mkono wangu ulitafuta chaki wenyewe. Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za kugawanya za darasa la nne, na juu ya hesabu hizo watu wa kampuni walikuwa wamebandika ramani ya Ziwa Tanganyika. Ziwa lilikuwa limepigwa mistari na kukatwa vipande, kila kipande na namba yake, kama viwanja vinavyosubiri kujengwa. Kipande cha kwetu kilianzia kaskazini ya Kigoma kikashuka kuipita Ujiji na kuendelea kusini. Afisa aliyeongozana na wageni alituambia kwamba kipande hicho kinaitwa kitalu, na kwamba kampuni ile imekwishapata leseni ya kutafuta mafuta na gesi ndani yake.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega akaniuliza kwa Kiha, kitalu cha miche gani. Nikamwambia si miche, ni mafuta.

"Mafuta?" akasema kwa sauti, darasa zima likasikia. "Si tunayo!"

Alimaanisha mawese. Kwetu ukisema mafuta bila kuongeza neno, kila mtu anafikiria mchikichi. Watu walicheka sana, na wageni walipotafsiriwa walicheka nao.

Jirani yangu hakucheka. Tulikuwa tumepakana ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Kasingirima, Ujiji, kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilimjua akiwa na neno kabla hajafungua mdomo: alikuwa anavuta ncha ya khanga yake na kuizungusha kwenye kidole. Alikuwa mwanika dagaa. Ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake waliokuwa wakianika pale ufukweni, na wanaume wenye vyombo walimheshimu kwa sababu alijua ziwa kuliko wengi wao. Shule hakusoma. Wenzake walipokuwa wakienda shuleni na madaftari, yeye alikuwa ameshatumwa na beseni mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki.

Alisimama akauliza watatafutaje hayo mafuta chini ya maji. Kijana mmoja wa kampuni akaeleza kwa upole kwamba meli itapita ikipiga mshindo majini, na mshindo huo ukigonga mwamba wa chini utarudi na habari.

"Dagaa husikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi," jirani yangu akasema. "Hukimbia. Sasa ninyi mtapiga mshindo wa kufika kwenye mwamba. Dagaa atakwenda wapi?"

"Mama, utafiti umefanyika. Samaki hurudi baada ya muda mfupi."

"Umefanyika wapi?"

"Baharini."

"Bahari ni kubwa. Ukiichafua hapa, maji yanakwenda kule. Haya ya kwetu yamelala. Likimwagika jambo humu, litakaa na wajukuu zangu."

Akakaa. Hakupigiwa makofi, na yule kijana akatazama karatasi zake. Mimi niliona fahari kana kwamba nilimfundisha mimi. Huo ndio ukweli, na nausema mapema kwa sababu mengi yaliyofuata yalitokana na fahari hiyo.

Wiki chache baadaye alikuja wakili. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, ametumwa na shirika la mazingira lililokuwa na ofisi mbali na kwetu. Alinijia mimi kwa kuwa aliambiwa kuna mwalimu mstaafu anayejua Kiha na ana mwandiko mzuri. Akaketi barazani kwangu akanieleza kwamba leseni ile imetolewa kabla tathmini ya athari kwa mazingira haijakamilika, na kwamba ziwa si mali ya mtu mmoja kulikata vipande. Ni mali ya umma, na umma una haki ya kuulizwa. Wanataka kwenda mahakamani kuomba leseni isimamishwe. Lakini shirika peke yake halitoshi. Wanahitaji watu wa hapa, watu ambao maisha yao yamo ndani ya maji yale, waape kwa majina yao.

"Na wewe, Mwalimu, utatusaidia kuchukua maelezo yao. Waandike wanavyosema. Jaji asikie sauti zao."

Nilikubali kabla hajamaliza chai.

Tulipata watu sita. Wavuvi watatu, mwenye chombo mmoja, mwanamke mmoja muuza samaki aina ya migebuka, na jirani yangu. Yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nilimfuata ufukweni asubuhi, akiwa ameinama anageuza dagaa juu ya chanja.

"Mimi na karatasi hatupatani, Mwalimu."

"Utasema tu yale uliyosema darasani."

"Yale nilishayasema. Walisikia."

"Hawakuyaandika. Lisiloandikwa mahakamani halipo."

Akageuza dagaa wengine. Kisha akauliza, "Wakija na maswali mengine?"

"Maswali gani? Ni jina lako tu, na dole gumba."

Nimerudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala. Ni jina lako tu.

Alikuja kwangu alasiri ya siku ya tatu, baada ya kuanua. Nilikuwa nimeandaa daftari jipya. Akakataa kiti, akaketi kwenye mkeka, akaomba ungo wa mchele wangu auchambue, ili mikono isikae bure. Akaanza kusema. Alisema jinsi rangi ya maji inavyomwambia kama dagaa wako karibu. Akataja mahali chanja zake za kwanza zilipokuwa kabla ziwa halijapanda na kumeza ufukwe, nyumba na mti mzima wa msonobari aliokuwa akifungia kamba, na jinsi walivyohamisha chanja hatua kwa hatua kuyakimbia maji, mwaka ule ambao watu wa nyumba za ufukweni walilala kwenye madarasa yetu. Akaeleza siku ambayo pipa la dizeli lilipasuka kwenye boti la mizigo, na dagaa wa siku nne wakatupwa kwa sababu walinuka dizeli. Yote niliyaandika. Yalikuwa maelezo safi. Hakuna aliyehitaji kuongeza kitu.

Kisha, labda kwa sababu alikuwa amechoka, au kwa sababu tulikuwa wawili tu, akanisimulia habari ya mama yake. Katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kunigusia. Mama yake alitoka upande wa Burundi wakati wa vurugu, akiwa na mimba yake. Alishuka kwa mtumbwi, wakafuata ukingo wa ziwa siku kadhaa pamoja na watu wengine asiowajua. Njiani alipata uchungu wa uongo, na mwanamke mmoja mzee akawa anateka maji ya ziwa kwa kiganja na kumnywesha, akimwambia shikilia, maji haya yanakupeleka. Akafika Ujiji. Baada ya mwezi akajifungua, na maji ya kwanza kumwosha mtoto yalikuwa ya ziwa hilohilo.

"Mama alikuwa akisema ziwa ndilo lililonibeba kabla yake," jirani yangu akasema. Halafu akapuliza makapi kwenye ungo akaongeza, "Hayo ni ya kuongea tu, Mwalimu. Usiyatie huko."

"Sawa," nikasema.

Nikayatia.

Sikuyatia siku hiyo. Nilikaa siku mbili na daftari lile. Nilikuwa nimesahihisha insha za watoto karibu maisha yangu yote, insha za ng'ombe ni mnyama mwenye miguu minne, na nilikijua kitu kizuri nilipokiona. Nilijiambia jaji ni binadamu. Nilijiambia habari za chanja na dizeli wavuvi wote watazisema, lakini hii hakuna mwingine atakayeisema. Nikaandika mstari mmoja, mwanzo kabisa wa maelezo yake: kwamba yeye ni binti wa mwanamke aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Burundi akiwa na mimba yake, na kwamba ziwa hili lilimbeba kabla hajazaliwa. Wakili alipousoma alinyanyua macho.

"Huu utamgusa mtu," alisema. "Tuanze kwa kiapo chake."

Siku ya kuweka dole gumba niliwasomea wote sita maelezo yao, mmoja mmoja, na wale wasiojua vizuri Kiswahili cha vitabuni niliwatafsiria kwa Kiha. Jirani yangu nilimsomea neno kwa neno. Nilipofika kwenye ule mstari niliusoma haraka, kama mtu anayevuka barabara. Alinitazama. Watu walikuwa wamesimama pembeni wanasubiri zamu, wino ulikuwa umefunguliwa, na wakili alikuwa anaangalia saa. Akaweka dole gumba lake.

Kesi ilifunguliwa mahakamani Kigoma mjini, tukaanza safari za kwenda na kurudi. Nilikaa na jirani yangu kwenye benchi moja kila mara ili nimtafsirie. Mawakili wa upande wa pili walikuwa wengi, wamevaa vizuri, na walizungumza Kiswahili kilichojaa Kiingereza mpaka mimi mwenyewe nilikuwa napotea. Mara ya kwanza shauri liliahirishwa kwa sababu majibu hayakuwa tayari, na mara ya pili kwa sababu jaji alikuwa na kikao kingine. Kila tulipotoka nje jirani yangu aliniuliza swali lilelile.

"Wamesema nini kuhusu ziwa?"

"Bado hawajafika huko."

"Wamefika wapi?"

"Kwenye tarehe."

Mara ya tatu walileta majibu yao. Wakili wetu alituita chini ya kivuli cha jengo akasoma karatasi zile kimya, na nikaona uso wake unabadilika. Walikuwa na pingamizi la awali, maana yake kuna mambo wanayotaka yaamuliwe kabla hata ya kugusa habari ya leseni. Jambo la kwanza lilihusu viapo vya watu wasiojua kusoma. Sheria inataka kiapo cha namna hiyo kiwe na maneno yanayothibitisha kwamba mwapaji alisomewa kwa lugha anayoielewa na akakubali. Vyetu havikuwa na maneno hayo.

"Lakini niliwasomea," nikasema. "Ulikuwepo."

"Najua, Mwalimu. Karatasi haisemi."

"Nani alipaswa kuyaandika?"

Akavua miwani akaifuta. "Sisi," akasema. Sikujua kama sisi hiyo ilikuwa na mimi ndani yake. Mpaka leo sijui.

Jambo la pili lilikuwa fupi zaidi. Mdai wa sita, kwa maneno yake mwenyewe katika aya ya kwanza ya kiapo chake, ni mtoto wa mwanamke aliyetoka Burundi. Wanaomba mahakama ijiridhishe kama ni raia, na kama ana haki ya kudai chochote juu ya mali ya umma wa Tanzania.

Jirani yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, akila ndizi. Akaona tumemgeukia wote wawili.

"Wamefika kwenye ziwa?" akauliza.

Nilimwambia barabarani tukirudi Ujiji. Nilitumia maneno mengi, kama afanyavyo mtu mwenye hatia. Nilisema ni ujanja wa mawakili, nilisema yeye amezaliwa hapa na kila mtu anajua, nilisema ana kadi ya mpiga kura. Alisikiliza akitazama mbele. Tulipofika karibu na kwetu akasema, "Nilikuambia yale ni ya kuongea," akaingia ndani kwake. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

Haikuchukua muda akaletewa wito na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mtu tuliyemjua, nilimfundisha mwanawe. Aliitoa barua kwa mikono miwili na kusema yeye ni mjumbe tu. Ofisi ya uhamiaji mjini ilikuwa inamtaka jirani yangu aende na vielelezo vya kuzaliwa kwake na vya wazazi wake. Niliomba kumsindikiza. Akasema, haya, twende.

Kijana aliyetupokea hakuwa mkali. Hilo ni jambo ambalo watu hawaliamini ninapolisimulia. Wanataka awe mkali. Alituamkia shikamoo, akatupa viti, akaandika kwa kalamu ya bluu. Alikuwa na nakala ya kiapo mezani, na mstari wangu ulikuwa umepigiwa wino chini.

"Mama, cheti cha kuzaliwa?"

"Sina. Nilizaliwa nyumbani."

"Baba?"

"Sikumwona."

"Kuna mzee yeyote aliyekuwepo ulipozaliwa? Mkunga, jirani wa wakati huo?"

Jirani yangu akataja majina matatu. Wote walikuwa wamekufa, na alijua hivyo alipokuwa akiyataja.

Nikaingilia. Nikasema mimi ni mwalimu mstaafu, namfahamu mama huyu kwa zaidi ya miaka ishirini, ni mtu mwema, hajawahi kuishi mahali pengine.

"Wewe Mwalimu ni mwenyeji wa Ujiji?"

"Nilizaliwa Kasulu. Nilihamishiwa hapa kikazi."

"Kwa hiyo alipozaliwa hukuwepo."

"Sikuwepo."

Akaandika. Akasema suala litafanyiwa kazi, na kwamba kwa sasa kadi yake ya mpiga kura itabaki pale. Akamshukuru kwa ushirikiano. Tukatoka nje kwenye jua, na jirani yangu akasimama kwenye ngazi akitazama chini upande wa bandari, maana kutoka pale ziwa linaonekana kipande.

Uamuzi wa mahakama ulisomwa baada ya hapo. Jirani yangu hakwenda, niliketi na wale watano tu. Jaji alisoma kwa dakika chache, kwa sauti ya kawaida. Alisema viapo vina kasoro, na kiapo chenye kasoro si kiapo, na maombi yasiyo na kiapo hayana miguu ya kusimamia. Kwa kuwa hilo limetosha kumaliza shauri, hakuona haja ya kuzungumzia uraia wa mdai wa sita wala jambo lingine lolote. Shauri likaondolewa. Wakili alituambia tunaweza kulileta upya likiwa limerekebishwa. Lakini mradi wa shirika lake kwa upande wetu ulikuwa umefika mwisho, na yeye alikuwa anahamishiwa kwenye kesi ya msitu mahali pengine. Alitupa mkono mmoja mmoja. Mimi alinishika kwa mikono miwili.

Katika mahakama ile hakuna aliyelitaja ziwa wala ufukwe wake, wala dagaa, wala mshindo. Mstari ambao haukutakiwa niliuweka, na mstari uliotakiwa haukuwekwa. Nilifundisha maisha yangu yote kusoma swali kabla ya kujibu, na sikulisoma swali.

Suala la mahakama likawa limekwisha, lakini suala la jirani yangu halikwisha. Kwenye mtaa maneno yalianza kidogo kidogo. Mwanamke aliyeanika naye kwa miaka alimwambia kwamba kikundi kinasubiri kupata usajili mpya, na ingefaa apumzike uongozi mpaka mambo yake yakae sawa. Alipumzika. Kisha sehemu yake ya chanja ikapewa mtu mwingine kwa muda. Kuna siku nilisikia mtoto akimwita mwenzake, twende kwa yule Mrundi tukachote maji, na alikuwa akimaanisha nyumba iliyopakana na yangu, nyumba ya mwanamke aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Sitaki kusema Ujiji ni watu wabaya. Nusu ya mtaa ule ukichimba utakuta bibi aliyekuja kwa mtumbwi, ama kutoka Burundi ama kutoka Kongo. Nadhani ndiyo sababu waliogopa. Hakuna aliyetaka kusimama karibu na mtu ambaye karatasi zake zimeanza kutazamwa.

Binti yake aliyeolewa kijijini Kasulu alikuja kumchukua. Walipakia vitu kwenye gari la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Nilitoka nikasaidia kubeba, akaniacha nibebe. Alipopanda akasema, "Haya, Mwalimu, nenda salama," kama mtu anavyomwambia mpangaji anayehama, ingawa anayehama alikuwa yeye.

Meli ya utafiti ilikuja msimu huo. Tuliiona ikipita mbali, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayelima. Wavuvi walisema dagaa walikimbia. Siku zile kweli walikuwa wachache, lakini nimeishi pale muda wa kutosha kujua kuna majira huwa wachache bila meli, na sitaapa tena kwa nisilolijua. Halafu meli ikaondoka. Miezi ikapita. Ndipo tukasikia redioni kwamba kampuni imerudisha kitalu kwa sababu za kibiashara. Hawakutaja kesi. Hawakututaja kabisa. Labda hawakukuta walichotaka, au walikuta pengine palipo rahisi zaidi.

Lakini shirika lilituandikia. Walinitumia jarida lao, karatasi nzuri inayong'aa. Kulikuwa na ukurasa mzima juu yetu, kwamba jamii ya Ziwa Tanganyika ilisimama dhidi ya mafuta na ikashinda. Katikati ya ukurasa palikuwa na picha ya jirani yangu. Ilipigwa siku ile ya viapo, ufukweni, ameshika dagaa kwenye viganja viwili na anacheka. Chini waliandika, mmoja wa washindi. Walikuwa wameambatanisha barua wakiniomba niwaandikie aya chache kuhusu jinsi jamii inavyosherehekea.

Niliweka jarida kwenye mkoba nikapanda basi la Kasulu.

Nilimkuta shambani, anapalilia maharage. Alikuwa amekonda. Alinyooka akanitazama mpaka nilipofika karibu, kisha akasema karibu, tukaenda nyumbani kwa binti yake, akanipikia ugali wa muhogo na mboga. Dagaa hawakuwepo. Tuliongea habari za mvua, za magoti yake, za wajukuu. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa haijampa jibu. Aliambiwa asubiri, naye alikuwa ameacha kwenda kuuliza. Jarida sikulitoa. Nilikuwa nimelibeba umbali wote ule nikidhani ana haki ya kuliona, na nilipoiona mikono yake yenye udongo nikajua ni mimi niliyekuwa nataka alione, ili nisilie peke yangu.

Tulipomaliza kula akanawa, akajifuta kwa khanga, akaniuliza bila hasira yoyote.

"Mwalimu, kwa nini uliandika?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ndani ya basi. Kwamba wakili alipenda. Kwamba nilidhani itasaidia kesi. Yote yalikuwa kweli kiasi.

"Niliona ni maneno mazuri," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali.

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Ndiyo maana nilikuambia wewe peke yako."

Akaenda kukoka moto kwa ajili ya chai. Jioni alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa maharage kwenye mfuko. Hakuuliza habari za ziwa, nami sikumwambia.

Mwaka huu wametangaza vitalu upya. Kuna kampuni nyingine, na kuna shirika jingine, na safari hii wakili ni mwanamke, mwerevu, anayejua Kiswahili na sheria zake vizuri. Alikuja kwangu kwa sababu jina langu limo kwenye majalada ya kesi ya zamani. Aliniomba nimtafutie watu na nichukue maelezo yao. Nikamwambia watu atafute mwenyewe, na maelezo wachukue wao wenyewe, ila kama anahitaji mdai, mimi nipo. Akafurahi. Akanipa karatasi.

Niliandika kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, nimezaliwa Kasulu, cheti cha kuzaliwa kimeambatanishwa. Niliandika kwamba natumia maji ya ziwa kwa kufulia, na nakula samaki wake. Niliandika kwamba sijawahi kuvua wala kuanika dagaa. Nikaweka sahihi.

Alisoma mara mbili, akaninyooshea karatasi kwa adabu.

"Kwa heshima zote, Mwalimu, lakini hii haina uzito. Huna habari nyingine? Naambiwa wewe unajua kuandika."

"Sina," nikasema.

Akakaa kidogo akingoja, kisha akaiweka karatasi kwenye faili pamoja na nyingine.